Mume na mke katika lori moja Marekani: mapato halisi ni kiasi gani?

Wengi wenu mmeziona video zinazozunguka kwenye simu. Mume na mke wamesimama mbele ya lori refu la Marekani, wanasema wanaendesha kwa zamu na kwa mwaka wanaingiza dola 200,000 au zaidi. Baadhi yao wanazungumza Kiswahili kabisa. Hapo ndipo maswali yanapoanza kumiminika: je, ni kweli? Na je, nasi tunaweza kwenda?

Kazi hiyo ipo na inalipa. Lakini kiasi kinachotajwa mara nyingi ni cha watu wawili, kabla ya makato, katika mwaka ambao hakuna aliyeugua wala lori halikuharibika. Tufanye hesabu polepole, tuone mkononi kinabaki nini.

Kwa nini wawili?

Huku kwetu tumezoea dereva na utingo, na utingo haendeshi. Kule Marekani wote wawili ni madereva wenye leseni ya magari makubwa. Sheria inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 tu, kisha lazima apumzike saa 10 mfululizo. Jumla ya saa zake kazini, pamoja na kukagua gari na kushughulikia mzigo, zisizidi 70 katika siku nane. Tangu Desemba 2017 malori mengi yanatakiwa kuwa na kifaa cha elektroniki kinachorekodi saa hizo, hivyo si rahisi kudanganya.

Dereva akiwa peke yake, lori husimama anapolala. Wakiwa wawili, mmoja hulala kwenye kitanda kilichoko nyuma ya viti huku mwenzake anaendesha. Mzigo unafika haraka, na tajiri wa lori analipa ili ufike haraka. Kampuni hupenda wanandoa kwa sababu watu wawili wasiofahamiana kuishi wiki nzima kwenye kabini ndogo ni kazi ngumu.

Hesabu yenyewe

Madereva wengi wa masafa marefu hulipwa kwa maili, na maili moja ni kilomita 1.6 hivi. Tuchukue mfano wetu: lori linatembea maili 4,500 kwa wiki, na kampuni inalipa senti 65 kwa maili, wagawane wawili. Maili hizo ni sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi karibu mara nne, kila wiki.

Kwa wiki ni dola 2,925. Wakifanya kazi wiki 48 kwa mwaka, ni dola 140,400. Kila mmoja ana dola 70,200.

Sasa makato. Kwa viwango vya kodi vya mwaka 2024, wanandoa wasio na watoto wanaolipa kodi pamoja, kwa kipato hicho, hukatwa takriban dola 25,000 za kodi ya taifa, hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni. Chakula cha njiani tukiweka dola 40 kwa siku kwa watu wawili, kwa wiki hizo 48 ni zaidi ya dola 13,000. Zinabaki kama dola 102,000, na hapo hatujagusa kodi ya jimbo, bima ya afya, wala pango la nyumba kama wanayo. Kwa kila mmoja ni kama dola 50,000.

Ni pesa nyingi, hatukatai. Ila si zile 200,000 za kwenye video.

Je, ni mara mbili ya dereva mmoja?

Hapana. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha kuwa mshahara wa katikati wa dereva wa lori kubwa ni dola 57,440 kwa mwaka kabla ya makato. Maana yake nusu ya madereva wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata pungufu. Mume na mke wakiendesha malori mawili tofauti kwa mshahara huo, jumla yao ni dola 114,880. Wakiwa pamoja, kwa mfano wetu, ni 140,400. Nyongeza ni kama dola 25,000 kwa wawili. Pia wanaonana kila siku, na wengine wanaacha kupanga nyumba, jambo linalookoa pesa nyingi.

Saa zisizolipwa

Tuangalie upande wa pili. Maili 4,500 kwa mwendo wa wastani wa maili 55 kwa saa ni saa 41 hivi za usukani kwa kila mmoja. Ukigawa malipo kwa saa hizo, unapata karibu dola 36 kwa saa. Lakini kuna kukagua gari, kujaza mafuta, na kusubiri kupakia au kupakua, ambako mara nyingi hakulipwi au kunalipwa kidogo. Zikifika saa 60 kwa wiki, malipo yanashuka hadi dola 24 kwa saa. Na ile sheria ya taifa ya malipo ya ziada baada ya saa 40 haiwahusu madereva wengi wa masafa marefu.

Kuna jambo lingine zito. Nyumba nzima inategemea lori moja. Mke akiugua, mume hawezi kufikisha maili zilezile. Lori likilala gereji, wote wawili hawana maili, na bila maili hakuna malipo. Kwa hiyo wanandoa wenye busara huweka akiba ya miezi kadhaa kwanza. Vilevile kila mmoja ahakikishe malipo yake yanaingia kwenye akaunti yake na kwa jina lake. Dereva ni dereva, hata kama mwajiri anazungumza na mume tu.

Kuweni waangalifu na mkataba wa kukodi lori huku mnalinunua kidogo kidogo kutoka kwa kampuni ileile inayowapa mizigo. Mapato huonekana makubwa, lakini marejesho ya lori, mafuta, bima na matengenezo yote ni juu yenu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 jopo lililoundwa na serikali ya Marekani lilipendekeza mikataba ya aina hiyo ipigwe marufuku.

Kabla hujauza shamba

Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Wakala akikwambia ana nafasi za madereva wa Marekani na anataka ada ya kushikilia nafasi yako, usitoe hata senti mpaka umethibitisha mwenyewe ubalozini kama viza hizo zinatolewa.

Kwa ndugu zetu ambao tayari wako kule na wana vibali, maswali ya kuuliza mwajiri ni haya: Kiwango cha maili ni cha lori au cha kila mtu? Wastani wa maili kwa wiki kwa miezi 12 iliyopita ni ngapi? Kusubiri mzigo kunalipwa kuanzia saa ya ngapi? Mmoja wetu akiugua, mwenzake atalipwaje?

Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Kisha kaeni chini, mume na mke, mgawe kwa wawili, mtoe makato, na mgawe tena kwa saa. Kitakachobaki hapo ndicho mshahara wenu.