Ukusanyaji wa Taka katika Diski za Flashi na Uthabiti wa Kasi ya Uandikaji: Mfano wa Kituo cha Kununulia Pamba Mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na wakulima hupeleka pamba kwenye vituo vya vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) ili ipimwe. Tuchukulie kituo ambacho mizani yake ya kielektroniki imeunganishwa na kompyuta yenye diski ya flashi. Karani anabonyeza kitufe, uzito unaandikwa katika hifadhidata, stakabadhi inatoka. Mara nyingi kazi hiyo haichukui muda wa kuhisiwa. Lakini mara chache skrini husita, hata kwa sekunde nzima, kabla namba haijathibitishwa. Kwa mkulima ambaye amekuwa akisikia manung'uniko kuhusu mizani tangu utoto wake, kusita huko kunatosha kuzaa shaka. Makala hii inaeleza chanzo kimoja cha kusita huko, ambacho hakihusiani na mizani wala na uaminifu wa karani.

Flashi ya aina ya NAND, iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980, ina sharti moja gumu. Data huandikwa kwa ukurasa, ambao aghalabu una kilobaiti 4 hadi 16, lakini hufutwa kwa kitalu kizima chenye mamia ya kurasa. Ni kama kitabu cha stakabadhi kilichoandikwa kwa wino: ukurasa mmoja haufutiki, kinachowezekana ni kukisafisha kitabu chote kwa pamoja. Kwa hiyo taarifa inaporekebishwa, kidhibiti cha diski huiandika mahali papya, hubadilisha anwani katika jedwali lake, na ukurasa wa zamani hubaki ukiwa taka. Kurasa tupu zinapokaribia kwisha, kidhibiti huchagua kitalu, hunakili kwingine kurasa ambazo bado ni hai, kisha hukifuta. Huo ndio ukusanyaji wa taka.

Gharama yake inategemea uwiano wa kurasa hai katika kitalu kilichochaguliwa. Tuseme kitalu kina kurasa 256 na asilimia 80 kati yake ni hai. Kidhibiti kitanakili kurasa 205 ili kipate nafasi 51 tu. Yaani kila ukurasa wa mtumiaji unagharimu takribani uandikaji mara tano. Uwiano ukishuka hadi asilimia 50, gharama inakuwa mara mbili. Ukipanda hadi 90, inafika mara kumi. Ongezeko hili si la mstari ulionyooka, na ndiyo maana diski iliyojaa hudhoofika ghafla badala ya kudhoofika polepole.

Tukadirie sasa muda. Kusoma na kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja kuchukue milisekunde 0.7, na kufuta kitalu milisekunde 5. Katika chipu moja, kusafisha kitalu chetu kutachukua takribani milisekunde 150, na ombi la karani likifika katikati ya kazi hiyo linaweza kulazimika kusubiri. Uandikaji 990 ukichukua milisekunde 0.5 kila mmoja na 10 ukichukua 150, wastani ni milisekunde 2, namba ambayo muuzaji yeyote angeitangaza kwa fahari. Lakini upimaji mmoja wa pamba unaweza kuhitaji uandikaji mara nane, kwa kuwa hifadhidata huandika kumbukumbu ya muamala, kisha jedwali lenyewe, na huagiza kila hatua ithibitishwe ili umeme ukikatika data isipotee. Hivyo takribani mkulima mmoja kati ya 13 atakutana na mkwamo. Kwa maoni ya mwandishi, wastani ni kipimo kisichofaa kabisa kwa kazi hii. Kinachopaswa kuripotiwa ni muda wa ile asilimia 1 ya uandikaji uliochelewa zaidi.

Suluhisho la ndani ya kidhibiti ni kusafisha kidogo kidogo. Katika mfano wetu, kwa kila ukurasa unaopokewa, kidhibiti kinaweza kunakili kurasa nne tu na kumjibu mtumiaji. Kila uandikaji utachukua milisekunde zisizofika 4, yaani wastani hautapungua, lakini hapana atakayesubiri 150. Suala la pili ni uchaguzi wa kitalu. Rosenblum na Ousterhout, walipoeleza mfumo wao wa mafaili wa mwaka 1991, walionesha kwamba kuchagua tu sehemu yenye data hai kidogo zaidi hakutoshi. Umri wa data nao uzingatiwe. Orodha ya wanachama wa AMCOS haibadiliki kwa miezi, ilhali kumbukumbu ya miamala hubadilika kila dakika. Zikichanganywa katika kitalu kimoja, ile orodha tulivu itahamishwa tena na tena bila sababu.

Karani hana mamlaka juu ya kidhibiti, ila ana mamlaka juu ya nafasi. Diski ya gigabaiti 240 iliyojengwa kwa flashi ya gibibaiti 256 ina akiba ya takribani asilimia 14.5. Asilimia 20 ya diski ikiachwa bila kugawiwa tangu ikiwa mpya, akiba hiyo inafika asilimia 43 ya sehemu inayotumika. Kinyume chake, kompyuta ya ofisi iliyojazwa video za harusi humnyima kidhibiti pumzi.

Lipo pia suala la ratiba, ambalo mara nyingi halitazamwi. Amri ya trimu hukijulisha kidhibiti kurasa za mafaili yaliyofutwa, ili kisizinakili bure. Mifumo mingi ya Linux huiendesha kila wiki, usiku wa kuamkia Jumatatu. Kompyuta iliyozimwa usiku ili kuokoa betri ya sola huiendesha baada ya kuwashwa, yaani Jumatatu asubuhi, foleni ikiwa imeshaanza. Kuzimwa mara tu baada ya mkulima wa mwisho huondoa pia muda wa utulivu ambao kidhibiti kingeutumia kusafisha. Inafaa trimu ihamishiwe jioni baada ya kufunga mahesabu, na kompyuta iachwe ikiwaka kwa nusu saa zaidi.

Anayetaka kuhakiki haya asipime diski iliyotoka dukani leo, kwa sababu bado haina taka. Kwanza aijaze, aandike upya juu yake bila mpangilio hadi kasi itulie, ndipo aanze kuhesabu.