Likizo Dar: Kila siku na fungu lake

Shule zikifungwa Juni na Desemba, familia nyingi za Dodoma, Morogoro, Singida na Iringa huelekea Dar es Salaam kula likizo. Watoto wanataka bahari, mama anataka Kariakoo, baba anasema hataki chochote ila samaki wa Feri. Hesabu ya kwanza huwa nauli, nayo siku hizi haina fumbo. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya treni ya kawaida hadi Dar es Salaam ilitangazwa kuwa Sh31,000 kwa mtu mzima. Baba na mama, kwenda na kurudi, ni Sh124,000. Watoto wana nauli yao pungufu. Hesabu ya pili ni malazi, na kwa wengi huisha kwa simu moja kwa dada wa Tabata au mjomba wa Mbagala. Baada ya hapo mabegi yanafungwa.

Inabaki pesa ya kutumia kila siku, na hiyo haipigiwi hesabu. Hubebwa kwa jumla tu: laki sita ziko kwenye simu, zitatosha. Siku ya kwanza zinaonekana nyingi, kwa hiyo kila anachoomba mtoto kinanunuliwa. Siku ya tatu baba anatazama salio na kunyamaza. Siku ya tano anampigia rafiki yake kazini, anazungukazunguka kwenye maneno, mwisho anaomba kukopeshwa hadi mwisho wa mwezi.

Wahenga walikwishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Likizoni upotevu huo ni mwepesi zaidi, kwa sababu nyumbani tunajua bei ya kila kitu na ugenini hatuijui, na kwa sababu hakuna matumizi makubwa ya kulaumiwa. Hakuna aliyenunua friji. Ni soda, bajaji, barafu za watoto, maji, chipsi, kiingilio na "mpe huyu mia tano". Dawa yake si ubahili. Ni kuipa kila siku fungu lake kabla haijaanza, na kukubali kwamba fungu likiisha, siku nayo imekwisha.

Mafungu matatu yatoke kwanza

Tuchukue familia ya watu wanne yenye Sh600,000 mkononi, nauli ikiwa imeshalipwa, na siku tano za kukaa Dar kwa dada. Kosa la kawaida ni kugawa laki sita kwa tano na kupata Sh120,000 kwa siku. Hesabu hiyo ni tamu lakini ni ya uongo, kwa sababu sehemu ya pesa hiyo tayari ina wenyewe.

Fungu la kwanza ni la wenyeji. Kulala kwa ndugu si bure, ila bei yake haiandikwi ukutani. Watu wanne wakiongezeka ndani ya nyumba, umeme unakwenda mbio, gesi inaisha kabla ya siku zake na mchele wa mwezi unaliwa kwa wiki. Dada hatasema. Mgeni mwenye akili hangoji kuambiwa, wala hangoji siku ya kuondoka ndipo amkunjie mtu noti kiganjani kwenye kibaraza. Siku ya kwanza ananunua luku, siku ya pili anarudi na samaki na unga, na mazungumzo ya nyumba nzima yanakuwa mepesi. Kwa mfano wetu, tenga Sh80,000.

Fungu la pili ni zawadi. Msafiri wa Dar harudi mikono mitupu. Bibi anangoja kanga, jirani aliyebaki akilisha kuku anangoja chochote, na kazini kuna wenzako. Andika majina kabla ya kusafiri, kila jina na kiasi chake, jumla isizidi Sh70,000. Anayenunua zawadi bila orodha huishia kumnunulia kila aliyemkumbuka akiwa dukani.

Fungu la tatu ni la dharura na la kurudia: dawa ya malaria, simu iliyoanguka, bajaji ya alfajiri ya kuwahi stesheni. Laki moja ikae mahali pasipoguswa. Baada ya kutoa mafungu hayo, zimebaki Sh350,000, sawa na Sh70,000 kwa siku. Si laki na ishirini tena, lakini hii ndiyo pesa yenu kweli.

Siku hazilingani

Kugawa sawa kwa sawa nako kuna mtego, kwa sababu likizo ina siku nzito na siku nyepesi. Siku nzito ni kama ya kwenda kisiwani Mbudya. Kisiwa hicho, pamoja na Bongoyo, ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam yaliyoanzishwa mwaka 1975, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi juu ya nauli ya boti kutoka upande wa Kunduchi. Ukifika kule umeshafungwa: hakuna genge la pili la kulinganisha bei, na watoto wakitoka kuogelea wanataka samaki na chipsi papo hapo. Siku kama hiyo ipewe Sh130,000 bila kunung'unika. Ulizia kabla ya kupanda kama nauli ya boti ni ya kwenda na kurudi, na kama ni ya kichwa au ya chombo kizima.

Siku mbili zinazofuata kwa uzito, kama ile ya Kariakoo na ile ya kuwapeleka watoto kwenye michezo, zipewe Sh80,000 na Sh60,000. Mbili zilizobaki ziwe nyepesi, Sh40,000 kila moja. Ukijumlisha unarudi palepale kwenye Sh350,000. Panga nzito na nyepesi zipishane. Siku mbili nzito zikifuatana, ya pili huliwa kwa mazoea ya ile ya kwanza: mtoto aliyekunywa soda mbili jana haelewi kwa nini leo ni moja.

Sh40,000 inatosha nini Dar kwa watu wanne? Inatosha siku nzuri, mradi chakula cha mchana kiwe kwa mama lishe na si kwenye mgahawa wenye viyoyozi. Wali maharage na samaki kwa watu wanne ni kama Sh14,000, nauli za daladala elfu sita, maji elfu tatu kama mmenunua chupa kubwa na kila mtoto ana kichupa chake cha kujazia. Jioni mihogo ya kukaanga ya Coco Beach na mishikaki michache, elfu kumi. Bado kuna elfu saba za bajaji pale miguu inapochoka. Bei hupanda na kushuka, lakini umbo la siku ni hilo: mlo mmoja wa kukaa, kitu kimoja cha kutafuna, maji ya kutosha na akiba ya usafiri.

Hesabu midomo

Hapa ndipo bajeti nyingi nzuri huvunjika. Mmepanga watu wanne kwenda Coco Beach. Asubuhi watoto wa dada wameshavaa, mtoto wa jirani naye yuko mlangoni na ndala zake, na shemeji anasema atawasindikiza maana nyinyi si wenyeji. Mmekuwa tisa. Kuwaacha watoto hao haiwezekani, na hakuna anayetaka kuwaacha. Raha ya likizo ni binamu kucheza pamoja. Lakini soda tisa si soda nne.

Kwa hiyo ukifikia kwa ndugu, angalau matembezi mawili yahesabiwe kwa midomo yote ya nyumba, na ndiyo maana siku hizo zichaguliwe pale pasipo kiingilio. Kigamboni ni mfano mzuri. Pantoni la Serikali kutoka Kivukoni nauli yake kwa mtu mzima imekuwa Sh200 kwa miaka mingi, watoto wanafurahia meli kuliko hata ufukwe wenyewe, na ng'ambo kuna mchanga wa kutosha. Pikeni pilau nyumbani, mbebe kwenye hotpoti. Watu tisa watakula bahari siku nzima kwa pesa ambayo wanne wangeimaliza kwenye mgahawa mmoja.

Ramani hupunguza matumizi

Wageni wengi hudhani pesa huokolewa kwa kubishana bei. Dar es Salaam pesa huokolewa zaidi kwa kutovuka jiji mara mbili. Anayelala Tabata, akaenda Kariakoo asubuhi, Mlimani City mchana na Feri jioni, analipa nauli za kila kipande, anakaa kwenye foleni saa nyingi, na ndani ya foleni hiyo watoto wanapata njaa ambayo haikuwa kwenye bajeti. Muuza karanga dirishani naye anajua hilo.

Panga siku kwa upande. Siku ya katikati ya jiji inatembelewa kwa miguu: Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, ambako mtoto atakutana na habari za Zinjanthropus aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959; Bustani ya Mimea iliyo jirani; Sanamu ya Askari; kanisa la Azania Front lililojengwa na Wajerumani; halafu soko la samaki la Feri, ambako mtanunua samaki wa kupeleka kwa dada. Nauli ni ya kwenda na kurudi basi.

Siku nyingine ni ya barabara ya Bagamoyo: Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, vinyago vya Mwenge, kisha Mlimani City kwa wanaotaka kutazama maduka. Jioni nyingine tembeeni juu ya Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Ni kama kilomita moja juu ya maji, lina njia ya waenda kwa miguu, na halina kiingilio. Popote penye kiingilio bebeni vitambulisho, kwa kuwa kiwango cha raia kiko chini sana ya kile cha mgeni wa nje.

Kariakoo iende siku ya pili au ya tatu, kamwe isiwe ya mwisho. Mnunuzi mwenye tiketi ya kesho asubuhi hana muda wa kuzunguka maduka matatu, na muuzaji huliona hilo usoni kabla hajafungua mdomo. Nendeni mapema, mkiwa na orodha, na kila noti ya msimbazi, yaani elfu kumi, itoke ikiwa na kazi yake. Ukishaivunja kwa ajili ya maji ya mia tano, chenji yake haina mwenyewe. Jioni utakuta imekwisha na hukumbuki wapi.

Simu isiyojua kukataa

Zamani pochi tupu ilikuwa inasema yenyewe. Leo pesa iko kwenye simu, na simu haisemi kitu. Pana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ada za kutoa. Viwango hupangwa kwa ngazi, na anayetoa elfu kumi kumi kwa wakala mara tano hulipa ada kubwa kuliko aliyetoa elfu hamsini mara moja. Toa pesa ya siku mbili kwa pamoja, iliyo nyingi iache nyumbani, na mfukoni itembee ya leo tu, hasa kwenye msongamano wa Kariakoo na vituo vya mwendokasi. Penye lipa namba, soma ada kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri.

La pili ni huduma za kukopeshwa pale salio linapopungua. Zina faida yake usiku wa ugonjwa. Likizoni ni hatari, kwa maana hufuta ule mpaka ambao bajeti inautegemea: salio limekwisha, muamala umepita, deni na ada yake vinakusubiri Dodoma. Njia nyepesi ni kutumia laini ya pili. Weka pesa ya safari kwenye laini isiyounganishwa na mkopo wowote, ile ya kawaida ibaki ya mawasiliano.

Watoto nao wapewe fungu lao. Elfu mbili kwa kila mmoja asubuhi, na maelezo kwamba hakuna nyingine. Anayemaliza yote kwenye barafu saa nne asubuhi atashika mkono wa mama jioni akiomba mahindi ya kuchoma. Mama awe na moyo mgumu siku ya kwanza. Siku ya pili mtoto huyohuyo ataulizia bei kabla ya kuomba.

Hesabu ya jioni

Bajeti ya siku haina maana kama haifungwi. Kabla ya kulala, mmoja ataje, mwingine aandike: nauli kiasi gani, chakula kiasi gani, mengineyo kiasi gani. Dakika tano zinatosha. Siku ikizidisha, ziada ikatwe kwenye siku inayofuata na si kwenye dharura, maana dharura ikishaguswa mara moja huzoeleka. Siku ikibakiza, kilichobaki kisihamie kesho. Kiende kwenye zawadi au kwenye nauli za Januari. Kikihamia kesho, kesho inajiona tajiri.

Faida kubwa ya fungu la siku ni kwamba humwezesha mtu kukataa bila kugombana na ndugu. Mwenye laki sita kwenye simu akisema hana, anadanganya na uso unamsaliti. Mwenye elfu arobaini ya leo, ikiisha saa kumi na moja jioni, anamwambia shemeji kwa amani, "Ya leo imeisha, shemeji, tupange ya kesho." Hakuna aliyenyimwa, na shemeji anayejua bei za Dar ataelewa haraka kuliko wote.

Desemba ina jambo lake la ziada. Nyuma yake inakuja Januari na sare, madaftari, viatu na michango ya shule, na mshahara wa Desemba ulishalipwa mapema ukaliwa na sikukuu. Kwa hiyo siku ya kukata tiketi, andika kwanza mahitaji ya Januari, yatenge, ndipo uhesabu laki za likizo. Zikibaki nne badala ya sita, punguza siku, usipunguze hesabu. Siku tatu za Dar zilizolipiwa kikamilifu zina raha kuliko wiki ambayo nusu yake baba anashinda sebuleni kwa dada akidai kichwa kinamuuma.