Mabaki ya Virusi katika Urithi wa Viumbe: Funzo kutoka kwa Panya na Samaki wa Ziwa Nyasa

Katika miamba ya Mbamba Bay na Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, huishi samaki wadogo wenye rangi za kupendeza waitwao mbuna. Ziwa hili lina mamia ya spishi za jamii yao, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba DNA ya spishi mbili za jamii hiyo hutofautiana kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.25 tu. Je, tofauti ndogo namna hii huzaaje wingi wa maumbo na rangi?

Sehemu ya jibu imo katika vipande vya DNA vinavyohamahama. Ili kuvielewa, yafaa tumwangalie kwanza panya mdogo wa nyumbani, ambaye wanasayansi wamemchunguza kwa muda mrefu.

Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA. Virusi vyenye kimeng'enya hicho huitwa retrovirusi. Kirusi cha namna hiyo kiingiapo katika seli, nakala yake hupachikwa ndani ya kromosomu. Seli hiyo ikiwa ni ya uzazi, nakala yaweza kurithiwa na watoto na wajukuu kama jeni nyingine. Jambo hili lisichanganywe na mama kumwambukiza mtoto VVU: hayo ni maambukizo, wala si urithi wa jeni.

Takriban sehemu moja ya kumi ya DNA ya panya ni mabaki ya retrovirusi vya kale. Mengi yameharibika na hayawezi tena kuambukiza, lakini si kwamba yote yamelala. Katika aina moja ya panya wa maabara, manyoya yamefifia kwa sababu nakala ya kirusi ilijipachika ndani ya jeni inayohusika na kusafirisha rangi. Mwaka 1981 ilibainika kwamba panya wachache waliorudia rangi nzito walikuwa wamepoteza nakala hiyo. Ushahidi huo ulikuwa wazi: kipande kilichotoka nje kilikuwa kimebadili sura ya mnyama.

Turudi ziwani. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa DNA ya samaki watano wa Afrika, akiwamo mbuna aitwaye Metriaclima zebra wa Ziwa Nyasa, na Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Asilimia 16 hadi 19 ya DNA yao ilikuwa vipande vinavyohamahama, baadhi vikiwa na asili ya aina ya retrovirusi na vingine asili tofauti. Pale vilipojipachika karibu na mwanzo wa jeni, utendaji wa jeni hiyo mara nyingi ulikuwa tofauti. Hivyo jeni ile ile yaweza kufanya kazi zaidi au pungufu, pasipo yenyewe kubadilika. Zamani vipande hivi viliitwa takataka. Leo hatuna budi kuviona pia kuwa malighafi ya mageuzi.

Hazina hiyo haihifadhiki yenyewe. Mbuna hula mwani unaoota juu ya mawe, na wengi hawavuki ghuba za mchanga, kwa hiyo mwamba mmoja waweza kuwa na aina yake ya pekee. Udongo unaochukuliwa na mito kutoka milimani ukiufunika mwamba huo, aina hiyo hutoweka pamoja na urithi wake wote. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa muda mrefu kwa ngoro, yaani mashimo yanayozuia mmomonyoko kwenye miteremko mikali. Anayechimba ngoro huhifadhi shamba lake, na bila shaka husaidia pia kuyaweka safi maji ya ziwa. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa kilimo wana somo moja hapa.