Televisheni aliyoacha babu ina thamani gani?

Arobaini ya mzee imekwisha na warithi wamekaa kugawana alichoacha. Pembeni ya chumba ipo televisheni kuukuu ya kabati la mbao ambayo hakuna aliyeitaka. Ghafla hutokea mtu akanong'ona kuwa ndani yake mna zebaki nyekundu ya mamilioni ya fedha. Hapo udugu huanza kuyumba.

Tuseme wazi: zebaki hiyo haimo. Mwaka 2009 uvumi wa namna hiyo ulienea Saudi Arabia juu ya cherehani za zamani za Singer, watu wakazigombea kwa maelfu ya riyali, kumbe ni chuma kilekile cha cherehani. Anayevunja televisheni kuitafuta hupata vigae vya kioo chenye madini ya risasi. Isitoshe, bomba la picha halina hewa ndani, likipigwa nyundo hupasuka kwa kishindo. Na umeme mkali huweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya.

Thamani ya kweli huanzia mgongoni. Bila kufungua kifuniko, soma kibandiko cha nyuma: jina la kiwanda, namba ya modeli, nchi na volti. Penye volti 110 au 120, aghalabu chombo ni cha Marekani, nawe ukikichomeka kwenye umeme wetu umekiua. Palipoandikwa PAL, hiyo ni ya rangi, wala haiwezi kuwa ya kabla ya 1967, mwaka ambao matangazo ya mtindo huo yalianza Uingereza na Ujerumani Magharibi.

Kisha linganisha na historia yetu. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo seti ya 1974 nyumbani kwa mzee wa Unguja si ajabu. Ya umri huohuo ikikutwa Dodoma, ina safari yake, na safari hiyo aijuaye ni shangazi, si kibandiko. Na aliyerudi masomoni Uingereza na seti ya mistari 405 pekee, maskini, alibeba mzigo bure, maana vituo vyetu vilitumia mistari 625.

Je, bei? Hapa wengi watavunjika moyo. Seti za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa mamilioni, na wakusanyaji wa vitu vya kale hawazigombei sana. Wanachosaka ni zile za Uingereza za kabla ya vita vya 1939, au Philco Predicta ya Marekani iliyotoka 1958, ambayo kioo chake husimama juu ya kabati kama kichwa juu ya shingo. Kabati lisilopakwa rangi upya na vifungo vyake vyote huongeza bei. Risiti ya dukani huongeza zaidi.

Kuiwasha mwachie fundi anayezijua valvu, kwani kapasita zilizokaa miaka bila umeme huweza kulipuka. Na hata ikiwaka, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa 2012, Kenya ikamaliza 2015. Itahitaji king'amuzi kinachoweza kuunganishwa kwenye tundu lake la antena; bila hicho utatazama chenga tupu.