Mgonjwa wa ini anayekesha usiku

Mwezi huu tuongee juu ya shida ambayo mara nyingi huishia chumbani. Ni ya mgonjwa ambaye ini lake limeharibika siku nyingi, ama kwa pombe, ama kwa virusi vya homa ya ini aina B au C. Usiku hakesha peke yake, nyumba nzima hukesha naye. Mchana husinzia kitini.

Wengine husumbuliwa na miguu. Wakijilaza tu, au wakikaa kimya jioni, husikia ndani ya miguu kama sisimizi wanatembea, na hawana budi kuinuka. Wakitembea hupata nafuu; wakirudi kitandani, ni yale yale. Hayo si mapepo wala deko. Ni ugonjwa unaojulikana, na mara nyingi hutokana na upungufu wa madini ya chuma, ambao mgonjwa wa ini huweza kuupata kwa kuvuja damu polepole tumboni. Hata hivyo, msikimbilie kununua vidonge vya kuongeza damu. Yapo magonjwa ya ini ambayo chuma hujaa mwilini kupita kiasi na kuzidi kuliumiza ini. Damu ipimwe kwanza. Wakati mnangoja majibu, kahawa na chai ya jioni ziachwe, na miguu ikandwe.

Linalotutia hofu zaidi ni mchana kugeuka usiku. Ini husafisha damu, na moja ya taka hizo ni amonia itokayo kwenye utumbo. Ini likishindwa, taka hizo hufika kwenye ubongo. Kubadilika kwa usingizi huweza kuwa dalili ya mapema. Baadaye mgonjwa husahau, hukasirika ovyo, na akinyoosha mikono, viganja hupigapiga kama mbawa. Ninyi wa nyumbani ndio mtakaoona kwanza, maana mbele ya daktari mgonjwa hujikaza.

Kwa hiyo msimpe dawa ya usingizi kwa shauri lenu. Valium huweza kumzamisha hata asiamshike. Hata Piriton, ambayo wengi huitumia kwa mwasho, humlevya, na huweza kuzidisha shida ya miguu.

Choo kigumu nacho huongeza taka. Akiandikiwa dawa ya maji ya laktulosi, shabaha ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Asiiache kwa aibu. Vidonge vya kupunguza maji mwilini kwa kawaida humezwa asubuhi, la sivyo atakuwa njiani kwenda chooni usiku kucha.

Zamani wagonjwa hawa walinyimwa nyama na maharage. Shauri hilo limeachwa. Wale, na kabla ya kulala wapate bakuli la uji, kwani ini bovu halina akiba ya kuwafikisha asubuhi.

Akichanganyikiwa, akitapika damu, akipata homa au choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali usiku ule ule. Mwelezeni daktari tangu lini anakesha, na dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo.