Nani Anakuchagulia Mpinzani?

Julai 1970, fainali ya ngumi ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh ilikutanisha Titus Simba wa Tanzania na kijana wa Liverpool aliyeitwa John Conteh. Conteh alishinda, Simba akarudi na medali ya fedha. Mwaka uliofuata Conteh aliingia ngumi za kulipwa, na Oktoba 1974 akavaa mkanda wa dunia wa WBC, uzito wa juu kidogo ya ule waliopigania Edinburgh. Simba alikuwa amerudi katika nchi ambayo sera yake ya michezo miaka ile ilikuwa ya ridhaa: unapigania bendera, mkate unautafuta kwa mwajiri wako.

Siku hizi njia iko wazi, na wazazi wa hapa Dodoma huniuliza kama kijana wao aliyefanya vizuri kwenye mashindano ya taifa aingie sasa ngumi za kulipwa. Huuliza kama mtu anayeuliza habari za kidato cha tano baada ya mtoto kufaulu cha nne. Ulingo ni ule ule, kamba ni zile zile, ngumi inauma vile vile. Kazi ni nyingine kabisa, na tofauti iliyo kubwa kuliko zote huioni ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtazamaji.

Nianze na zile zinazoonekana. Bondia wa ridhaa hupigana raundi 3 za dakika 3. Akipoteza raundi ya kwanza amebakiwa na mbili tu, hivyo hana muda wa kumsoma mtu. Ndiyo maana hufundishwa kuchezesha miguu, kuingia, kurusha mbili au tatu, na kutoka kabla hajajibiwa. Wa kulipwa huanza na raundi 4, kisha 6, 8 na 10; pambano la ubingwa wa dunia la wanaume ni raundi 12. Zamani zilikuwa 15, hadi Mkorea Duk Koo Kim alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini huko Las Vegas, Novemba 1982. WBC wakashusha hadi 12, na mashirika mengine yakafuata. Miguu ya kurukaruka iliyompa kijana medali humwishia raundi ya 5. Ngumi za mbavuni ambazo katika dakika 9 huonekana ni kupoteza nguvu, katika raundi 10 ndizo zinazomshusha mtu mikono.

Glavu nazo hupungua. Wa kulipwa huvaa za wakia 8 hadi uzito wa welta, yaani kilo 66.7, na za wakia 10 kuanzia hapo kwenda juu. Wa ridhaa huvaa za 10 au 12. Wengi hudhani kofia ya kichwani ndiyo tofauti kubwa, lakini wanaume wa ngazi ya juu ya ridhaa waliivua tangu 2013, na katika Olimpiki ya Rio ya 2016 walipigana bila kofia. Kofia huzuia ngozi kupasuka. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na ubongo ndio unaotupa shida sisi tunaokaa karibu na kamba. Kinachomlinda bondia wa ridhaa zaidi ya kofia ni mwamuzi, ambaye humhesabia hadi 8 hata akiwa bado amesimama, na husimamisha pambano mapema. Halafu kuna likizo ya lazima: ukiangushwa kwa KO hupandi ulingoni kwa angalau siku 30, na KO zikirudiwa muda huo huongezeka sana. Kwenye kulipwa, kuhesabiwa ukiwa umesimama karibu hakuna. Wateja wamelipia kuona mwisho.

Sasa lile lisiloonekana.

Katika ridhaa, mpinzani wako huchaguliwa na kura. Unapima uzito, majina yanapangwa, unakutana na yeyote atakayeangukia upande wako, hata akiwa Mkuba siku ya kwanza. Hakuna anayekuuliza kama uko tayari, na hakuna anayenufaika kwa kukupangia. Katika kulipwa, kila mpinzani ameafikiwa na watu: promota, meneja kama yupo, kocha kama anasikilizwa. Wameafikiana uzito, idadi ya raundi, fedha, na mara nyingi, bila kulisema, wameafikiana pia nani anatarajiwa kushinda. Simaanishi matokeo yamenunuliwa. Namaanisha kwamba katika usiku wowote wa ngumi kuna bondia ambaye tiketi zimeuzwa kwa jina lake na rekodi yake inajengwa, na kuna bondia aliyeitwa ili awepo mtu wa kupigana naye.

Promota wa Dar es Salaam anahitaji watu wa aina hiyo ya pili kila mwezi, na mikoa ya kanda hii ni mahali rahisi pa kuwapata. Kijana wa Dodoma au Singida anashuka Dar akiwa na medali zake za ridhaa, lakini kwenye karatasi ya kulipwa rekodi yake ni sifuri kwa sifuri. Medali haihamishwi. Mapambano yake matatu ya kwanza akipewa wenyeji waliomzidi uzoefu, mbele ya majaji wanaosikia ukumbi mzima ukishangilia upande mmoja, atafika nyumbani na ushindi mmoja na vipigo viwili. Kuanzia hapo simu yake italia tu pale anapotafutwa wa kupigwa. Nimewaona vijana wa huku wenye mikono mizuri kuliko baadhi ya mabingwa tunaowatazama kwenye televisheni, wakimalizika hivyo kabla ya miaka 25.

Mfano wa upande wa pili uko Ireland. Michael Conlan wa Belfast alipata shaba katika Olimpiki ya London 2012. Rio 2016 majaji walimpa ushindi Mrusi Vladimir Nikitin katika robo fainali, Conlan akawaonyesha kidole cha matusi mbele ya kamera, na uchunguzi ulioongozwa na Richard McLaren, uliotolewa 2021, ukasema mfumo wa waamuzi na majaji pale Rio uliruhusu matokeo kuchezewa. Ridhaa nayo si ya malaika. Ila tazama kilichofuata. Kampuni ya Top Rank ilimsaini, ikampangia pambano lake la kwanza la kulipwa tarehe 17 Machi 2017, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, katika Madison Square Garden, New York, jiji lenye watu wa asili ya Ireland wasiohesabika. Siku, ukumbi, watazamaji na mpinzani, vyote vilichaguliwa kwa ajili yake. Kwa miaka mitano hakupoteza. Machi 2022 akapata nafasi ya mkanda wa WBA dhidi ya Leigh Wood mjini Nottingham, akaangushwa raundi ya 12 hadi nje ya kamba. Mei 2023 akajaribu tena Belfast, nyumbani kwao, na Mmexico Luis Alberto López akammaliza raundi ya 5. Kupangiwa vizuri kulimfikisha mlangoni mara mbili. Kuingia ndani kulitaka kitu ambacho promota hana cha kukupa.

Linganisha na Watanzania waliopanda jukwaani Birmingham kwenye Michezo ya Madola ya 2022. Tulipata medali 3: fedha ya Alphonce Simbu katika marathoni, na shaba za mabondia Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike. Simbu ni mwana wa Singida, wa nyanda hizi hizi, na mwaka 2025 alikuja kuwa bingwa wa dunia mjini Tokyo. Mwanariadha wa barabarani ana bahati ambayo bondia hana. Muda wake unasomeka popote. Akikimbia saa 2 na dakika 4, mwandaaji wa mbio kokote duniani anajua thamani yake bila kumuuliza mtu. Shaba ya bondia haina saa. Thamani yake inategemea nani yuko tayari kuweka fedha mezani, na mezani hapo kijana wa ridhaa mara nyingi hana mtu wa kumsemea.

Kwa nini basi asibaki kwenye ridhaa? Wengi wanabaki, na wana sababu. Ngumi za ridhaa nchini zimebebwa kwa miaka mingi na timu za vyombo vya ulinzi na usalama: Ngome, JKT, Polisi, Magereza. Kijana aliyeajiriwa huko ana mshahara, chakula, kambi na matibabu. Akitoka, kocha ni wake, vipimo ni vyake, bandeji ni zake, na hata mtu wa kufanya naye sparing anataka nauli. Hesabu hiyo ifanywe mapema, kwa karatasi na kalamu. Mapambano ya raundi 4 hayamlishi mtu.

Kuna jambo jingine la kwetu hasa, nalo ni uzito. Katika mashindano ya ridhaa bondia hupima asubuhi ya siku anayopigana, na akiendelea hupima tena kila anapopigana. Hawezi kujikausha sana, maana hana muda wa kurudisha maji. Wa kulipwa hupima siku moja kabla, kwa hiyo hushawishika kushuka kilo 5 au 6 kwa kukata maji, akitumaini kuzirudisha usiku mmoja. Hapa Dodoma hewa ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Novemba na ule upepo wake. Jasho hukauka kabla hujaliona. Kijana anavaa makoti mawili, anakimbia kuelekea Makutupora, anarudi ngozi ikiwa kavu, anadhani hajatoka jasho la kutosha, anaongeza nusu saa. Mizani inamwambia amepoteza kilo 2 alizodhani ni nusu. Akisafiri na kushuka Dar, kwenye joto lenye unyevu, mwili uliokauka hivyo unapigwa mara ya pili. Ubongo uliopungukiwa maji hauvumilii ngumi. Napendelea bondia apigane uzito wa juu yake kuliko kumwona amefika kilo zake akiwa na midomo iliyopasuka. Baada ya kupima, uji mwepesi wa uwele wenye sukari na chumvi kidogo, kidogo kidogo usiku kucha, unafanya kazi nzuri kuliko lita 3 za soda kwa mkupuo.

Na wale wanaosema tuna faida ya mwinuko, samahani. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Damu huanza kubadilika vya maana karibu mita 2,000; Iten ya Kenya, wanakojifua wakimbiaji, iko kama 2,400. Tuna vilima vizuri vya kukimbilia, basi.

Mabondia wa Afrika Mashariki waliofanikiwa kuvuka waliamua jambo moja kwanza: kwenda aliko mtu wa kuwapangia. Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974 mjini Havana, alihamia Denmark, akajengwa huko taratibu, na 1979 akachukua mkanda wa WBA ugenini Japani. Sugar Ray Leonard ndiye aliyemvua, Juni 1981. Philip Waruinge wa Kenya, mwenye shaba ya Olimpiki 1968 na fedha 1972, alikwenda Japani akaishi na kupigana huko, lakini mkanda wa dunia haukuja. Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa dhahabu Seoul 1988, alikwenda Marekani. Julai 1994 alisimamishwa na David Gonzalez raundi ya 9 huko Las Vegas, akafariki baadaye kwa majeraha ya ubongo. Alikuwa na miaka 26. Kila kijana anayetaka kusaini namtajia jina hili, na simwombi radhi.

Hapa nyumbani mambo yametulia kidogo kuliko enzi za bondia Rashid Matumla, ambapo mashirika mawili matatu yaligombea kusimamia ngumi za kulipwa na kila moja likitoa vibali vyake. Sasa iko Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, na mkataba usiopita hapo usiusaini. Uliza unakufunga miaka mingapi, kocha analipwa kutoka fungu gani, nani analipia matibabu ukiumia, na kama una haki ya kukataa mpinzani. Hilo la mwisho mapromota wengi hawalipendi. Liulize hivyo hivyo.

Najua utaniletea jina la Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 kijana huyo wa Tanga aliitwa Birmingham kwa taarifa ya muda mfupi kumkabili Sam Eggington, katika usiku uliouzwa kwa jina la Amir Khan. Alikuwa wa kuletwa. Akamsimamisha Mwingereza raundi ya 2, na maisha yake yakabadilika. Ilitokea kweli, nilishangilia, na ndiyo sababu mapromota wa Ulaya bado wanapata vijana wetu kwa bei nafuu: kila anayepigiwa simu anajiona Mwakinyo. Miaka minne baadaye Mwakinyo mwenyewe alirudi Uingereza, Liverpool, akasimamishwa na Liam Smith raundi ya 4.

Simu hiyo huja usiku, pambano likiwa limebakiza wiki mbili au pungufu, na anayepiga hutaja kwanza fedha na tiketi ya ndege. Kijana mwenye akili huuliza vitu viwili kabla ya kujibu: mpinzani amepigana mara ngapi mwaka huu, na wanataka apime kilo ngapi. Kama yeye leo ana kilo 74 na wanataka 66 ndani ya siku 10, huyo aliyempigia amekwisha kumchagulia matokeo.