Uzoefu Hupatikana Kazini

Katika wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, wako vijana wengi waliomaliza sekondari na vyuo ambao bahasha zao za vyeti zimechakaa kwa kupelekwa maofisini na kurudishwa. Jibu wanalopewa ni lile lile: vyeti ni vizuri, lakini uzoefu hakuna. Kijana akiuliza uzoefu huo hupatikana wapi, huambiwa kazini. Na akiiomba kazi, huulizwa uzoefu. Jambo hili huonekana kuwa dogo, la baba na mwanawe kulizungumza jioni nyumbani. Lakini askari wa majeshi na wa polisi, hasa wale waliopata kuwekwa Kasese, Hima, Bwera au mpakani Mpondwe, wana sababu ya kulifahamu kwa undani, kwani katika wilaya hiyo malalamiko ya kunyimwa nafasi yamewahi kupanda milimani yakiwa na silaha.

Haifai kumlaumu kila mwajiri. Hakuna kamanda atakayemkabidhi dereva aliyehitimu jana lori la risasi alishushe mlimani usiku wa mvua. Ziko kazi ambazo kosa moja la mgeni hugharimu roho za watu. Hata hivyo jeshi lenyewe halimwulizi kuruta amebeba bunduki kwa miaka mingapi. Humpima afya yake, hutazama vyeti na mwenendo wake, kisha humpeleka Kaweweta kufundishwa, kama vile polisi wanavyowapeleka wao Kabalye, huko Masindi. Gharama ya kumfanya mgeni awe mzoefu hubebwa na yule anayemwajiri. Jeshi huutengeneza uzoefu. Ofisi nyingi za uraiani hutaka kuukuta umekwisha kutengenezwa na mtu mwingine.

Wakati wa utawala wa Kiingereza, Wakonzo na Waamba waliwekwa chini ya Ufalme wa Toro. Shule zilikuwa chache upande wa milimani, na mtoto wa Kikonzo aliyebahatika kuingia darasani alifundishwa kwa Kitoro, lugha isiyo ya mama yake. Nafasi za uchifu na ukarani zilipogawiwa, Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba zilikwenda kwa wengine. Ilikuwa rahisi kuwajibu kwamba hawana elimu wala mazoea ya utawala. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo lilipouma: aliyekosa shule aliambiwa hajasoma, na aliyekosa ofisi aliambiwa hajui kazi ya ofisi. Mwaka 1962 wajumbe wao walitoka katika Rukurato, yaani Baraza la Toro, na tarehe 30 Juni mwaka huo Isaya Mukirane, ambaye hapo awali alikuwa mwalimu, akatangaza kwamba Rwenzururu imejitenga. Madai yao hayakuwa ya kazi peke yake; yalikuwemo ya ardhi, ya lugha na ya heshima. Uasi huo ulidumu miaka 20, na walioulipia ni wanavijiji pamoja na askari waliotumwa kupanda katika baridi na ukungu kuwafuata watu wenye kuijua milima kuliko wao.

Muda huo wote, kilomita chache tu kutoka mjini Kasese, yalikuwepo machimbo ya shaba ya Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, nayo ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizouzwa nje, pamoja na kahawa na pamba. Wakuu na wahandisi walikuwa wageni, na mwananchi alianzia chini, penye mawe na vumbi. Lakini machimbo yale, pamoja na kasoro zake zote, yalikuwa pia shule: mtu aliingia akiwa kibarua, na baada ya miaka aliweza kutoka akiwa fundi. Tarehe 15 Agosti 1982 Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, aliteremka kutoka milimani baada ya mapatano na Serikali. Mwaka huo huo machimbo ya Kilembe yalifungwa. Basi amani ilifika Kasese katika mwaka ule ule ambao mlango mkubwa wa kazi ulifungwa, na mafundi wakatawanyika na ujuzi wao. Kiwanda cha kobalti kilichoanza mwaka 1999, kikitumia mabaki ya machimbo hayo, nacho kilisimama katika miaka ya 2010.

Jeshi pia limewahi kulionja jibu hilo. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, maofisa wakuu wa jeshi walibaki kuwa Waingereza, kwa hoja kwamba wenyeji hawajawa na uzoefu wa kuamuru vikosi. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa Jinja waliasi, wakidai mishahara bora na maofisa wa nchi yao, na baada ya hapo vyeo vilitolewa kwa haraka. Mmoja wa waliopanda, Idi Amin, hakukosa uzoefu: alikuwa ameingia King's African Rifles mwaka 1946. Nchi ilikuja kujua, kwa gharama kubwa, kwamba hesabu ya miaka kazini haisemi yote juu ya mtu.

Huko Bwera, mwaka 2019, mambo yaliendeshwa kwa namna nyingine. Ebola ilikuwa imeenea mashariki ya Kongo tangu mwaka uliotangulia, na watu huvuka Mpondwe kila siku kwenda sokoni na kwa jamaa zao. Wauguzi wengi wa upande wa Uganda walikuwa hawajapata kumhudumia mgonjwa wa Ebola. Walifundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, na watumishi wa afya karibu 4,700 nchini wakachanjwa kabla ugonjwa haujaingia. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo ana Ebola, naye akatunzwa Bwera. Mtoto huyo alifariki, na bibi yake pia. Lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda.

Upo upande unaowagusa askari wenyewe. Sajini aliyetunza ghala la vipuri kwa miaka 15 anapostaafu na kuomba kazi ya ghala uraiani, aweza kupewa jibu lile lile alilopewa mwanawe. Uzoefu anao, ila haujaandikwa mahali ambapo raia anaweza kuusoma. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 ilifungua njia ya mtu kupimwa ujuzi wake kwa vitendo na kupewa cheti, hata kama aliupata kazini bila kukaa darasani. Kwa askari, wakati wa kuifuata njia hiyo ni akiwa bado amevaa sare, maana ofisa aliyeiona kazi yake yupo karibu, na anaweza kuandika kwa mkono wake kwamba lori lile lilitengenezwa na mtu huyu.